Wanawake Wawili Chomboni

Rochdale sikwenda kutazama picha. Nilikwenda kuona duka. Aliyefanya kazi ya ushirika Tanzania miaka ile atanielewa: kila kozi tuliyosoma, kuanzia Chuo cha Ushirika Moshi, ilianza na wale watu 28 wa Rochdale waliochangishana vijisenti vyao, wakafungua duka mtaa wa Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844. Siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa: hizo ndizo bidhaa walizoanza nazo. Kanuni zao tulizikariri kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyokariri juzuu ya Amma, na wengi wetu tuliendelea kuziamini hata baada ya kuona serikali yetu ikivifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuvirudisha mwaka 1982.

Mwaka 1992 nilikuwa Uingereza, katika chuo cha ushirika kilichokuwa Stanford Hall, karibu na Loughborough. Lile lilikuwa jumba la tajiri wa zamani, lina ukumbi wa maonyesho ndani yake, na nje lina bwawa alilolijenga kwa ajili ya simba wa bahari. Bwawa lilikuwepo; bahari yenyewe iko mbali kwelikweli. Mimi ni mtoto wa Pangani na baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Moshi nilikaa bila bahari, lakini Moshi angalau kuna mlima wa kukodolea macho. Loughborough hakuna kitu. Barua za rafiki zangu zilijaa habari za vyama vingi vya siasa, nani anahamia wapi na nani anasema nini. Za baba zilijaa kusi, bei ya mbao na nani kapoteza nanga.

Safari ya Rochdale iliandaliwa na chuo. Tulikuwa Waafrika na Waasia wengi ndani ya basi, na jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa kahawa kutoka Bukoba ambaye tangu siku ya kwanza aliniita Mpwani, nami nikamwita Mzee. Duka tulilimaliza upesi. Ni chumba kidogo chenye mizani na mapipa, na ukishaona mizani umeona. Wenzetu walibaki kupiga picha. Mvua ilikuwa ile ya Lancashire, haipigi wala haikatiki, na basi lilikuwa bado. Tukateremka na Mzee hadi karibu na jumba la mji lenye mnara wa saa, tukaona mlango wa jumba la sanaa uko wazi na ndani kuna joto. Hiyo ndiyo sababu yetu ya kuingia, sina nyingine.

Mle ndani kulikuwa na bahari.

Nasema hivyo bila kutia chumvi. Maonyesho yaliitwa Revenge, yaani kisasi, na karibu kila nilipogeuka niliona maji. Kuna picha ya wanawake wawili weusi wamekaa kwenye roshani ya ukumbi wa michezo, kama mabibi wa Kizungu kwenye picha za zamani za Ufaransa, lakini wanachokitazama si mchezo, ni bahari. Na kuna ile iliyonisimamisha: wanawake wawili weusi ndani ya chombo kidogo, nguo zao za rangi kali, katikati yao rundo la makaratasi yenye michoro. Wanayachana. Makaratasi yale ni ramani za baharini, na vipande wanavitupa majini. Inaitwa Between the Two My Heart is Balanced, na ilichorwa mwaka 1991. Chini yake kulikuwa na jina la mchoraji, Lubaina Himid, na pembeni: amezaliwa Zanzibar, 1954.

Nililisoma jina lile mara ya pili. Kutoka Pangani, siku ya hewa safi na upepo mwema, Unguja haiko mbali. Nikamwita Mzee aje aone.

Akaja, akaitazama picha huku akipangusa miwani. "Mpwani," akasema, "hawa wanakwenda wapi?"

Nilimjibu kama mtoto wa nahodha. Nikamwambia chombo hiki hakina tanga, sioni kafi, sioni usukani, na hao waliokaa hivyo hawana habari na mawimbi. Mlinzi wa chumba, mama wa makamo aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake na sweta begani, akatusikia tunacheka akauliza tunacheka nini. Nikamfasiria. Akasema yeye huwatazama kila siku na hajajua wanakwenda wapi. Mzee akamwambia: wanakwenda kuzama. Yule mama akakataa. Akasema watu wanaokwenda kuzama hawakai na utulivu namna hiyo.

Alikuwa mzungumzaji. Alituambia kwamba alianza kazi kwenye kiwanda cha kusokota pamba akiwa binti mdogo, kama mama yake na bibi yake, mpaka viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine. Mzee, ambaye alijua zao lolote linalouzwa kwa mizani, akamwuliza pamba ilitoka wapi. Akasema kutoka pande zote, lakini zamani zile za bibi wa bibi yake ilitoka Marekani, na vita vya Wamarekani vilipoanza mwaka 1861 Lancashire nzima ililala njaa kwa kukosa pamba. Hakutaja nani aliyeivuna pamba hiyo. Hapakuwa na haja ya kutaja. Tulikuwa tumesimama mbele ya picha.

Miaka kumi baadaye Himid alifanya kazi nzima juu ya jambo hilohilo. Aliiita Cotton.com, na ndani yake aliwafikiria wafanyakazi wa viwanda vya Lancashire na watumwa wa mashamba ya pamba wakizungumza wao kwa wao. Nilipoisoma habari yake nilimkumbuka yule mama wa sweta. Nadhani angekuwa na mengi ya kusema.

Sasa niseme kilichonikaa moyoni, kwa sababu sicho wanachokisema wenye elimu ya sanaa. Wao husema kwamba kuchana ramani ni kisasi: ramani ndizo zilizowaongoza Wazungu hadi pwani ya Afrika, ndizo zilizokata njia za meli za watumwa na baadaye mipaka ya makoloni, kwa hiyo wanawake hawa wanaiondoa silaha mikononi mwa adui. Sina ugomvi na hilo. Picha yenyewe inamjibu James Tissot, Mfaransa aliyeishi London, ambaye katika miaka ya 1870 alichora askari wa Kiskoti ndani ya mashua pale Portsmouth, kakaa kati ya wanawake wawili kama jogoo. Himid alimtoa askari, akaweka ramani mahali pake, kisha na ramani zenyewe akazichanachana. Ni ufundi, na una ucheshi ndani yake.

Lakini mimi sikuona kisasi. Baba yangu hakuwahi kumiliki ramani. Alikwenda Mkoani, Lamu, Mafia, na ujanani mwake mbali zaidi ya hapo, kwa nyota za Kilimia, kwa rangi ya maji, kwa ndege na kwa bildi. Bildi yake naikumbuka vizuri kuliko sura za walimu wangu: risasi nzito, ndefu kama mkono wa mtoto, chini imetobolewa, na katika tundu lile alipaka shahamu. Ikigusa chini hupanda na kilichonata: mchanga mweupe, au mweusi, au matope, au vipande vya marijani. Aliuvingirisha kwa vidole, akaunusa, akasema tuko mahali fulani, na mahali hapo ndipo tulipokuwa. Kwa hiyo wanawake wawili wasio na ramani kwangu hawakuwa wanamapinduzi. Walikuwa mabaharia wa kawaida. Kilichonishangaza ni kwamba mtu aliyeondoka Zanzibar akiwa mchanga wa miezi minne, baada ya baba yake kufa kwa malaria na mama yake Mwingereza kumchukua kurudi London, alichora jambo ambalo baba yangu angelikubali bila kuelezwa.

Na papo hapo likaja la pili, lenye uchungu. Ukutani kulikuwa na maneno juu ya meli iitwayo Zong, ya wafanyabiashara wa Liverpool, ambayo mwaka 1781 mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai fidia kwa kampuni ya bima kama mtu anayedai fidia ya shehena iliyolowa. Kesi ilisikilizwa London mwaka 1783, na ilikuwa kesi ya bima, si ya mauaji. Nilisoma maneno yale na Mzee amesimama nyuma yangu. Yeye akatikisa kichwa kwa ajili ya Wazungu. Mimi nilikuwa nawaza Pangani.

Kwetu jambo hili lilisemwa kwa nusu sauti. Mkataba wa 1873 ulipoufunga mnada wa Unguja na kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari, biashara haikufa, ilihama njia. Misafara ilitembezwa kwa nchi kavu kufuata pwani, na kutoka bandari ndogo kama yetu vyombo vilivuka usiku kwenda Pemba, ambako mikarafuu ilihitaji mikono. Waingereza waliweka manowari yao iitwayo London pale Unguja kuanzia 1874, na boti zake zilikuwa zikivizia majahazi kwenye mkondo huo. Na manahodha waliovuka usiku ule hawakuwa na ramani pia. Walikwenda kwa Kilimia. Waliitumbukiza bildi wakanusa mchanga. Elimu ileile niliyokuwa najivunia mbele ya picha ndiyo iliyovusha watu hadi mashamba ya karafuu.

Picha ya Himid inahusu Atlantiki, na sikusudii kuiburuta iwe ya kwetu. Nasema tu kwamba mtu wa Pangani hawezi kuitazama akiwa upande mmoja.

Himid mwenyewe hachori maiti. Hilo nililiona siku ile, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyoliheshimu zaidi. J.M.W. Turner, mchoraji mkuu wa bahari wa Waingereza, mwaka 1840 aliichora habari inayofanana na ya Zong: machweo mekundu, dhoruba, mguu wenye mnyororo unazama na samaki wameuzunguka. Ni picha kubwa, iko Boston, na watu huisifia machweo yake. Kwa Himid waliozama hawaonekani, lakini maji yamejaa. Wahai wamekaa juu yake, wamevaa vizuri, wanazungumza, wanaamua jambo. Alisomea upambaji wa jukwaa kabla ya kuwa mchoraji, na nadhani ndipo anapojua kwamba kilicho nje ya jukwaa kinaweza kutisha kuliko kilichoonyeshwa.

Wakati ule mimi sikujua lolote juu yake. Baadaye nilijifunza kwamba hatukuwa tumebahatisha: Rochdale, chini ya msimamizi wa jumba lile, Jill Morgan, na pamoja na msanii Maud Sulter, ilikuwa ikionyesha kazi za wanawake weusi wakati majumba makubwa ya London yalikuwa yamewapa mgongo. London yenyewe, mwaka 1985, Himid alikusanya wanawake 11 katika maonyesho ya The Thin Black Line pale jumba la sanaa la ICA, nao wakapewa ukuta wa njia ya kupitia. Akawa mwalimu wa chuo kikuu Preston, mji mwingine wa pamba, akaendelea kuchora. Mwaka 2004 akatengeneza Naming the Money: watu 100 wa mbao, wakubwa kama watu halisi, wapiga ngoma, mafundi viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa, watumwa wote wa majumba ya kitajiri ya Ulaya, na kila mmoja ana majina mawili, alilozaliwa nalo na alilopewa na bwana wake.

Zanzibar alirudi akiwa mtu mzima, mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1999 akachora mfululizo alioupa jina la kisiwa. Picha hizo hazina majahazi wala minara wala milango yenye misumari ya shaba, vile vitu vinavyouzwa kwa watalii Shangani. Zimekaribia kuwa ruwaza tupu. Waliotaka kuona Zanzibar ya kalenda walirudi mikono mitupu, na mimi nasema vema.

Tarehe 5 Desemba 2017, usiku, simu yangu haikunyamaza. Mpwa wangu aliyekuwa Dar aliandika kwa herufi kubwa: "MJOMBA, MZANZIBARI KASHINDA." Himid alikuwa amepewa Tuzo ya Turner, huko Hull, mji wa bandari na wavuvi. Alikuwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata na mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliotangulia. Mwaka huohuo ndipo walipoondoa sharti kwamba mshindani awe chini ya miaka 50. Bila kuondolewa sharti hilo asingeshindana kabisa. Na tuzo yenyewe ina jina la yule yule aliyechora mguu wenye mnyororo. Magazeti mengi niliyosoma yaliandika juu ya umri. Hili la jina sikuona mtu aliyelishika.

Kwa wiki nzima kila mtu alikuwa na lake. Wako waliosema ni wetu, wako waliosema ni wao. Mpwa wangu alinitaka nitoe hukumu kwa kuwa mimi "nilikuwepo". Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwepo kwa sababu ya mvua. Lakini pia nilimwambia kwamba miaka 25 tulimwacha mtu huyu bila kumwulizia, na sasa tunadai umiliki usiku mmoja. Hakupenda.

Binti yangu anaishi Reading, na mwaka 2022 alinipeleka jumba la sanaa la Tate Modern, London, kuona maonyesho yake makubwa. Nilitembea polepole kwa sababu ya goti. Kulikuwa na kazi moja, Old Boat / New Money, mbao ndefu zimeegemezwa ukutani kama mbao za jahazi lililopasuliwa, zimechorwa kauri, zile simbi zilizokuwa fedha ya kununulia watu. Sauti ya maji inatoka mahali usipopaona. Mjukuu wangu alikuwa anataka kuzigusa, na mlinzi, kijana mpole, akamwonya kwa kidole. Mimi nilikuwa nazitazama kwa jicho la karakana: hazina tundu la msumari, hazikupakwa mafuta ya sifa, hazijawahi kuonja maji ya chumvi. Ni mbao za dukani. Nikamweleza mjukuu mkuku ni nini na mataruma ni nini na ubao hukaaje juu yake, mpaka watu wawili watatu wakasogea kusikiliza wakidhani mimi ni sehemu ya maonyesho.

Sasa habari ya baba. Niliporudi Stanford Hall siku ile ya 1992 nilimwandikia barua, nikamchorea chombo kile kwa kalamu ya wino, wanawake wawili na ramani zao, nikaeleza. Mwishoni nikaongeza swali ambalo sikuwahi kuthubutu kumwuliza uso kwa uso: babu yako, baba yake babu, jahazi lake lilikuwa linapakia nini?

Jibu lilichukua wakati kufika. Baada ya salamu na habari za wagonjwa na wazima, aliandika juu ya mchoro wangu. Alitaka kujua upepo ulikuwa unatoka upande gani, kwa sababu nguo za wale wanawake hazikuonyesha. Alisema kuchana ramani si kitu, ila mmoja wao lazima ashike usukani, na kama hakuna usukani basi mchoraji amewaonea. Akaniuliza kama ni wazima, yaani kama walifika. Juu ya jahazi la babu hakuandika hata nukta.

Nilipokwenda nyumbani, nilimwuliza tena tukiwa barazani. Hakukasirika. "Mzigo una mwenyewe," akasema. "Nahodha ana chombo." Kisha akaniuliza kama Uingereza nilipata muhogo.

Alifariki bila kuongeza neno, na mimi sikumbana. Mpwa wangu yuleyule wa herufi kubwa sasa anasoma historia chuo kikuu, na naye kaanza kuuliza. Nimemwambia kwa babu zake hapati kitu. Waingereza walikuwa na mahakama ya balozi wao pale Unguja iliyosikiliza kesi za vyombo vilivyokamatwa, na makarani wao waliandika kila kitu: jina la nahodha, bandari aliyotoka, idadi ya waliokutwa ndani. Aanzie Nyaraka za Taifa pale Kilimani, atafute Pangani, miaka ya 1870 na 1880, nami nimempa jina la kutafuta na nauli ya boti. Anasema atakwenda baada ya mitihani.